Maneno Matatu kwenye Ukurasa wa Ukoo

Shamba la mkonge lilipopata mwenyewe mpya, sisi makarani tukapunguzwa, nami nikarudi Same na mwili usiojua kutulia. Nilikwenda sokoni bila cha kununua, nikarudi, nikatoka tena. Mwishowe nikaishia kwenye chumba cha intaneti jirani na stendi. Huko nilifungua ukurasa wa ukoo wa mama kwenye tovuti ya aina ile ambayo yeyote anaweza kuandika, na yeyote anaweza kusahihisha alichoandika mwenzake.

Mama, kule Chome, aliniomba jambo moja tu.

"Mwandike mdogo wangu. Nisije nikafa hajaandikwa popote."

Mdogo wake huyo nyumbani hakutajwa. Meno yake ya juu yaliota kabla ya yale ya chini, akawa kigego, na wazee wa enzi hizo waliamini kigego akiachwa aishi huleta mikosi. Mama alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Alirudi siku moja akakuta mtoto hayupo, akaambiwa asiulize. Basi nikaandika jina, na mbele yake: alifariki akiwa mchanga.

Wiki iliyofuata maneno hayo matatu yalikuwa yamefutwa. Nikayarudisha. Yakafutwa tena, nikayarudisha tena, huku hasira zikinipanda. Sikuwa na shaka ni nani. Ni mjomba, kaka yao, mzee wa kanisa asiyetaka aibu ya kwao isomwe na watu. Yakafutwa mara ya tatu, nikayarudisha. Yalipofutwa kwa mara ya nne sikusoma chochote zaidi, nilipanda gari la Chome, na lilipokwama kwenye matope nikashuka nikamalizia kwa miguu.

"Shikamoo mjomba. Kwa nini unamfuta dada yako?"

"Marahaba. Nimemfuta wapi?"

"Kwenye kompyuta!"

Alinitazama kama mtu anayemwangalia mgonjwa. "Mpwa wangu, mimi kompyuta nimeiona benki, tena kwa mgongo."

Niliona haya hata nikashindwa kupita kwa mama. Niliteremka Same, nikafungua orodha ya mabadiliko ambayo ukurasa hujiwekea wenyewe. Mimi, karani wa miaka yote ile, sikuwa nimeisoma hata mara moja. Jina la mama mdogo halikuguswa. Kilichofutwa kila mara ni yale maneno matatu tu, na safari hii aliyefuta alikuwa ameandika sababu: "Hakufa. Mama yake alimkabidhi kwa siri mwanamke muuza samaki wa Ziwa Jipe. Mtoto huyo ndiye bibi yangu. Anauliza dada yake bado yupo?"

Nilisoma nimesimama. Nilijichukia.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Chome tena. Mama alikuwa barazani anapepeta maharage. Nilimweleza yote, hata yale ambayo ningeweza kuyaficha. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, nikamsikia anavuta vitu uvunguni. Alitoka na viatu vyake vya kanisani, akakaa, akavaa kimoja, akavaa cha pili, akafunga kamba vizuri. Ndipo akaniangalia.

"Yaani mdogo wangu anasema yupo, wewe unamjibu amekufa. Mara nne!"