Chaja ya Balozi wa Nyumba Kumi

Ilianza Jumamosi, saa nne na robo asubuhi, katika likizo yangu ya Juni. Saa naikumbuka kwa sababu baba aliitazama saa yake mara mbili, akiogopa kuonekana. Tulikuwa tumevuka mpaka, tumesimama mbele ya meza ya mama mmoja wa Kizambia aliyeuza sabuni, mafuta ya kupaka na vitu vya umeme. Baba ni fundi cherehani na balozi wa nyumba kumi kwetu Tunduma. Kwenye mikutano yeye ndiye anayesema magendo ni adui wa taifa. Siku hiyo alivaa koti kubwa la mvua, na mvua haikuwepo.

Tulifuata betri za redio. Katika maduka yetu zilikuwa zimeshakuwa hadithi. Ukienda duka la ushirika unakuta majembe, viberiti, na muuzaji amelala. Zile nne za zamani mama alizianika juu ya bati kila mchana kama dagaa, na jioni zilipata nguvu ya kutoa salamu tu, kisha redio inakoroma na kunyamaza.

Na mama aliihitaji redio kuliko sisi wote. Kaka yake, mjomba wangu, ndugu yake pekee wa tumbo moja aliyebaki, alikuwa amelazwa Dar es Salaam. Barua ilisema hali si nzuri. Kwetu barua hufika ikipenda, simu ya maandishi mpaka mtu aende posta, lakini kifo hutangazwa redioni: fulani amefariki, mazishi mahali fulani, habari ziwafikie ndugu zake walioko huko na huko. Ndivyo watu wa huku tunavyojua kwamba tumefiwa. Kila jioni mama aliacha mboga jikoni akaja kukaa karibu na redio, kiganja mdomoni, mpaka matangazo ya vifo yaishe. Jina la kaka yake lisiposomwa, anasema, "Haya, leo tumelala," na kurudi jikoni.

Yule mama wa Kizambia alikuwa na betri za aina nyingine, ambazo zikiisha nguvu hazitupwi, zinajazwa tena. "Mulishani, batata," alimsalimu baba. Batata ndivyo wanavyomwita mzee kwa heshima. "Hizi unanunua mara moja tu. Utazeeka wewe, zenyewe bado."

Baba alicheka, akachukua nne bila kusumbua. Kazi ilikuwa kwenye chaja. Zilikuwepo aina mbili. Moja ilikuwa nyeupe, nzuri, ina kifuniko cha kuona ndani na kitaa chekundu, na nyuma yake waya wa kuchomeka kwenye umeme wa ukutani. Nyingine ilikuwa nyeusi, mbaya mbaya, ina nyaya mbili zenye vibanio kama vya kuanikia nguo, vya kubana kwenye betri ya gari. Baba alinipa maboksi nimsomee Kiingereza. Kwa sababu hiyo tu ndiyo nililetwa.

Nilisoma. Nilimweleza kwamba zote mbili hujaza kwa saa kumi na nne hivi, ila nyeupe inataka umeme wa nyumbani na nyeusi inataka betri ya lori.

"Nyumbani umeme upo, batata?" aliuliza yule mama.

"Unakuja."

"Unakuja!" Aliwageukia wenzake wa meza za jirani, akawaambia kitu kwa Kibemba, wakacheka wote. "Unakuja kwa miguu au kwa treni?"

Mimi si mtu wa kuongea. Shuleni mwalimu akinitaja nasimama na maneno yanakaa. Lakini pale nilisema, tena nilisema nikiangalia viatu vyangu: "Baba, hii nyeusi ndiyo nzuri. Malori yanalala pale kwetu kila siku, yanasubiri kuvuka. Madereva wote unawashonea nguo. Ukimwomba mmoja abane hizi nyaya mchana kutwa, jioni betri zimejaa na mama anasikiliza."

"Nani amekuuliza uzuri? Nimekuuliza maandishi."

Baba alizigeuza zile chaja, akaiweka nyeusi chini, akaishika tena. Niliona anajua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo ninapoandika haya bwenini. Alijua kabisa. Ndipo akasema kwa sauti ya chini, kama ananinong'oneza siri ya chama: "Mimi ndiye niliyewatoa watu mashambani wakachimbe mashimo ya nguzo. Kila nyumba shimo lake. Leo balozi mwenyewe anaonekana anaomba umeme kwenye lori, si nimewaambia wazi kwamba nguzo hazisimami?"

Nguzo zenyewe zilikuwa zimelala kando ya barabara tangu nikiwa darasa la saba. Mbuzi walikuwa wanajikuna hapo. Mashimo yalijaa maji kila masika, na mama aliyapita akisema, "Pole, umeme," kama anapita msiba.

Baba alichukua nyeupe. Aliificha chini ya koti na tulirudi njia ya vichakani.

Nyumbani aliiweka juu ya kabati, kwenye kitambaa cha kufuma, waya umekunjwa vizuri. Majirani walikuja kuitazama. Mzee mmoja aliuliza kama inapika. Mama alisubiri waondoke, akauliza jambo moja tu: "Sasa inakula wapi?"

Palikuwa na jenereta moja jirani, ya mama mwenye baa karibu na barabara kuu. Aliiwasha jua likizama, akaizima dizeli ikimtisha. Baba hawezi kuonekana baa, ni balozi. Kaka zangu hawapo. Basi nikatumwa mimi, jioni ile ile, na chaja nyeupe kwenye kikapu, imefunikwa khanga kama mtoto mchanga.

Sijui kama kuna kitu kigumu kwa msichana mwenye aibu kuliko kuingia baa ambayo watu wake wanamjua baba yake. Santuri ilikuwa inalia. Dereva mmoja alifunua khanga kabla sijasema neno.

"Jamani, mtoto wa balozi kaleta kichanga!"

"Kinanyonya nini?"

"Kinanyonya dizeli!"

"Mwambie baba yako aje mwenyewe kunyonyesha," alisema mwingine, "sisi tumemaliza kuchimba mashimo!"

Walicheka mpaka meza ikatikisika. Mama mwenye baa aliwafukuza kwa kitambaa cha kufutia meza, akanionyesha tundu la ukutani nyuma ya kaunta. "Usiwajali, mwanangu. Weka hapa. Lakini sikiliza, mimi jenereta yangu inawaka saa tatu au nne, basi. Hii yako inataka usiku kucha. Itabidi ilale hapa siku kadhaa. Kuleta na kuchukua kila siku sitaki, utaniletea wateja wa kuangalia tu."

Nilirudi nikamweleza baba. Akasema, "Zikae. Vitu vizuri havina haraka." Mama alikuwa anapepeta mchele, akaacha.

"Na redio?"

"Siku tatu nne tu, mke wangu. Baada ya hapo utasikiliza mpaka uchoke."

Mama alizianika tena zile betri kuukuu juu ya bati, lakini safari hiyo hata salamu hazikutoa. Jumapili alikaa mbele ya redio ileile iliyonyamaza, saa ileile ya matangazo, kiganja mdomoni. Jumatatu hivyo hivyo. Nilimwuliza anasikiliza nini, akasema, "Nimeshazoea kukaa hapa." Majirani waliokuwa wakija kusikiliza kwetu hawakuja. Redio zao zilikuwa kimya kabla ya yetu.

Na mimi kila jioni nilikwenda baa kuangalia kama kitaa chekundu kinawaka. Kilikuwa kinawaka. Ninakichukia kile kitaa.

Jumatano nilizichukua zimejaa. Baba alizitia mwenyewe kwenye redio, moja moja, akizipangusa kwa shati. Redio ilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Baba alisimama mlangoni ili watu wa barabarani wamwone, akaongeza sauti. Habari ikasomwa, kisha matangazo ya vifo. Mama alishika ukingo wa meza. Wakasomwa watu wa Moshi, wa Lindi, wa Tabora. Jina la mjomba halikuwepo.

Mama alicheka. Sijamwona akicheka vile tangu barua ile. "Kaka yangu yuko hai," alisema. "Siku zote hizi nilikuwa najitesa bure." Alhamisi jina halikuwepo tena. Alipika viazi vitamu na karanga, akamwekea baba sahani kubwa, akamwita jina la zamani ambalo sijui alilitoa wapi. Baba alikula akiangalia chaja juu ya kabati. "Umeona?" aliniambia. "Wewe na vibanio vyako."

Ijumaa mchana akaja binamu yangu kutoka Ibaba, kijijini kwao mama, mtoto mkubwa wa mjomba. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Alivua kofia mlangoni. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, cheupe, bado kina alama za wembe.

Mama alikiona kichwa. Alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

"Shangazi," alisema binamu yangu, "baba tumeshamzika. Jana."

"Jana," alisema mama.

"Alifariki Jumapili. Jumatatu wakatangaza, Jumanne wakatangaza tena. Redio ilisema kabisa: ndugu zake wa Tunduma waje kuupokea mwili stesheni ya Mlowo, Jumatano. Ibaba nzima tulisikia, kuna mwalimu pale ana betri. Tulikusubiri Mlowo mpaka treni ikaondoka. Tulikusubiri nyumbani, jeneza liko wazi, wazee wanasema mpeni muda dada yake, dizeli ni shida, yuko njiani. Jua likainama. Ikabidi tumfunike." Alimtazama baba, kisha redio. "Wakasema labda redio hamna. Nikawaambia wanayo. Kwa balozi hakukosi redio."

Baba alisema, "Betri zilikuwa kwenye chaji."

"Zilikuwa baa," alisema mama.

"Mke wangu, mimi ningejuaje kwamba..."

"Mtoto alikuambia. Pale pale mezani alikuambia, ukamfunga mdomo."

Nilishtuka, kwa sababu sikuwa nimemwambia mama. Nadhani alisikia sokoni. Wale akina mama wa ng'ambo huongea.

"Watu wangesemaje?" Baba aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, si ya mikutano. "Balozi mwenyewe haamini!"

"Na sasa watasemaje? Waambie mkutanoni, bwana balozi. Waambie mke wako alikuwa anakula viazi na kaka yake analala wazi anamngoja."

Binamu yangu alikataa chakula, alikataa na maji. Alisema ana lori la mahindi linamsubiri, akavaa kofia na kuondoka. Mama hakulia. Hilo lilinitisha zaidi. Alitoa ile sahani ya viazi vilivyobaki, akawamwagia kuku, akaiosha, akaikausha, akaiosha tena. Jioni, saa ya matangazo ilipofika, baba alinyoosha mkono kuwasha redio kwa mazoea, kisha akaurudisha na kuuficha mfukoni.

Asubuhi yake, kabla ya chai, baba alitoa betri kwenye redio, akazipanga ndani ya chaja, akaifunika khanga kwenye kikapu. Alinisogezea. "Peleka mapema," alisema, bila kunitazama. "Zisije zikaisha tena."

Nilisema, "Sipeleki, baba."

Sikuangalia viatu. Nilimwangalia yeye, na nilimwonea huruma, na huruma yenyewe ilinikera. Nikaweka kikapu chini, nikaenda chumbani kwa mama, nikafunga unga na chumvi katika shuka, nikamletea kandambili zake. Hakuniuliza tunakwenda wapi. Tulitembea mpaka barabarani na kusimama kando ya lori lililokuwa linakwenda upande wa Ileje, njia ya Ibaba, limejaa magunia. Dereva alikuwa mmoja wa wale wa baa. Alinitambua, akataka kusema kitu, akamwona mama, akafungua mlango wa nyuma. Nilipanda mimi kwanza, nikashika kamba, nikamvuta mama mkono.