Kiganja cha Fundi wa Balbu

Kila akimaliza kufunga balbu mpya isiyokula umeme, yule fundi wa umeme wa mji wa Dedza huifumbata kwa kiganja chake chenye kovu. "Haiunguzi, na umeme uliolipia wa wiki moja unafika wiki mbili," husema polepole. Juni ile yenye baridi, Nachisale, mwenye nyumba mmoja, alimkubalia abadilishe balbu zote isipokuwa moja, ile ya zamani iliyotia joto boksi la vifaranga chumbani kwa watoto.

"Hiyo yako baridi kama mama mkwe! Vifaranga wangu watakufa."

Fundi hakucheka. "Binti yangu alilala karibu na boksi kama hili, dada. Balbu ilidondokea kwenye maranda ya mbao, yakawaka."

Nachisale akazima swichi. Fundi akaichomoa ile balbu, akavua sweta yake, akawafunika vifaranga, kisha akatoka nje kwenye manyunyu akitetemeka kwa baridi.