Albano Asoma Tokeni

Albano wa Temeke aliendesha treni za mizigo zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemchosha kama Revelian, stesheni masta wa stesheni moja ndogo nje ya mji. Kila dereva alipewa tokeni, kipande cha chuma kilichochongwa majina ya stesheni mbili. Reli ilikuwa moja tu, na aliyekishika ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kupita kati ya stesheni hizo. Kwingine madereva walikipokea wakaondoka zao. Revelian alitaka kwanza kisomwe kwa sauti.

"Mie naanza kazi hii, wewe bado unanyonya," Albano alimfokea kila safari. Lakini alisoma.

Asubuhi moja ya mwaka 1972 alisoma, akarudia kusoma. Majina yalikuwa ya njia aliyotoka, si ya anakokwenda. Revelian alikuwa amemrudishia tokeni ileile aliyoileta. Albano hakuondoa treni.

Hazikupita dakika kumi, treni ya abiria ikaingia ikitokea kulekule mbele, akina mama madirishani wamepakata watoto. Albano aliitazama mpaka behewa la mwisho. Revelian alisimama kichwa chini, akingoja matusi.

Albano akateremka, akavua kofia.

"Shikamoo," akasema.

Revelian alilingana kwa umri na kitinda mimba wa Albano. Akaingia ofisini, akatoka na tokeni ya njia ya mbele. Albano akaisoma kwa sauti mara mbili, bila kuambiwa.