Mama alianika juani santuri yangu ya rangi, na bado inaimba

Wakuu, nawasalimu kutoka Mkunazini, Mji Mkongwe.

Hili limenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi. Asiyeamini aje nyumbani aisikilize kwa masikio yake.

Mimi nakusanya santuri. Si za taarab, hizo wazee wa mji huu wanazo tele. Zangu ni za dream pop, tena za bendi ndogo zinazojitegemea: vijana watatu wanne wanarekodi chumbani, wanatoa santuri chache za rangi, zikiisha ndo zimeisha.

Kwa asiyeujua muziki huu, gitaa zinasikika kama ziko nyumba ya jirani, na mwimbaji anaimba kama ndo kwanza kaamka.

Wenzangu wa barazani wanauita muziki wa wagonjwa. Kinara wao ni rafiki yangu Seif.

Masika haya ikafika niliyoisubiri kuliko zote. Rangi yake nyekundu ya ubuyu, ukiinyanyua kwenye mwanga unaona vidole vyako upande wa pili. Nikatangaza barazani: Ijumaa baada ya alasiri wote kwangu, muisikilize kwa adabu. Msipoipenda, sitautaja tena muziki huu mbele yenu.

Ndiyo, nilijifunga mwenyewe.

Siku ya kuichukua posta, mvua ikanikuta kwenye vespa. Boksi likarowa. Nikaliacha mezani, nikawahi kazini Tunguu.

Mchana jua likatoka kali. Jioni narudi, namkuta mama, Bi Zuhura, uso umemkunjuka.

"Mwanangu, sahani yako nimeikuta imerowa chapachapa, nkaianika. Ishakauka."

Wakuu, nikapanda ngazi mbio, mama nyuma yangu. Kwetu kila kilichopata maji kinaanikwa: karafuu, dagaa, mazulia, hata misahafu. Na santuri yangu ilikuwa juu ya paa, kwenye mkeka, pembeni ya pilipili manga. Imepinda imekuwa bakuli. Ungeweza kutilia mchuzi.

Nilitaka kupiga kelele. Nikamtazama mama, furaha imeshaanza kumtoka usoni, nikameza.

"Nimekuharibia?"

"Hapana mama, inatengenezeka."

Sikuwa na uhakika wowote.

Nikaingia mtandaoni. Wakusanyaji wenzangu wa nje wanashauri vioo viwili, santuri katikati, joto la polepole, kisha ipoe ikiwa bado imebanwa. Wao wanatumia oveni. Oveni yetu haijawahi kutoa keki isiyoungua, siwezi kuipa santuri. Jua la Unguja angalau tunajuana.

Asubuhi nikaenda kwa fundi vioo Darajani, akanikatia vipande viwili vinene. Nikaifuta santuri, nikaibana, nikapanda nayo juu.

"Unairejesha tena juani? Una wazimu we mtoto?"

"Mara hii imebanwa, mama."

Hakushuka. Alivuta kigoda akakaa kivulini, macho hayatoki kwenye kioo. Nami nimekaa pembeni yake, namweleza kwamba santuri hushikwa ukingoni, huku nasoma kila dua ninayoijua.

Ghafla akanishika mkono. "Inalala! Wallahi inalala!"

Kweli, kioo cha juu kilikuwa kinashuka taratibu. Tukaiteremsha ndani, tukaikandamiza kwa gunia la mchele mpaka ikapoa.

Ijumaa wakaja wote. Nikashusha sindano. Ukingoni ilikuwa inapanda na kushuka kidogo, ila haikuruka hata mara moja. Gitaa zikajaa chumba kizima.

Hakuna aliyecheka. Upande wa kwanza ulipoisha, Seif akajikohoza.

"Yakhe, hebu geuza."

Nilikuwa bado naufurahia ushindi wangu. Akaona nachelewa, akainuka aigeuze mwenyewe, vidole vina mafuta ya kachori. Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka mlangoni:

"We Seif! Usishike kati! Shika ukingoni, hiyo santuri yetu."

Yetu, wakuu. Nilitaka kumshinda Seif, nikampata na mama.

Nilichojifunza: kitu unachokipenda, waeleze wa nyumbani ni nini na kinashikwaje. Na kikipinda, usikate tamaa siku ileile.

Wenye santuri mlioko pwani, mnazihifadhi vipi na joto hili? Mwagikeni hapa chini. Na kama kuna aliyetupa yake kwa sababu imepinda, aache kusoma, aifuate jaani.