Vifuko vya Tamsin Yarnall

Tamsin Yarnall wa Filadelfia alikuwa mjane, fundi wa sindano, na muumini wa dhehebu la Marafiki tangu kuzaliwa. Na Marafiki, jamani, ni watu wa msimamo: hawapigani, hawali kiapo, hata kutaja vita hawataki.

Mwaka 1812, vita na Waingereza vikinukia, bohari la jeshi lilianza kuwagawia wanawake kazi za kushonea nyumbani. Tamsin alikwenda akaomba kazi isiyo ya vita. Karani, kazongwa na marundo ya blanketi, akamtupia kitambaa cha sufu na kifuko cha mfano.

"Shona kama hiki."

Kifuko kilifanana kabisa na vile vya kukandia wagonjwa. Aulize ni cha nini? Thubutu! Rafiki haulizi mambo ya jeshi. Akabeba, akashona kapu zima.

Mwenye mkokoteni wa jeshi alipokuja kuvichukua, alivisifu. "Safi, mama! Vikijazwa baruti hivi, mizinga itanguruma mpaka London."

"Baruti?"

"Kwani ulidhani maharage?"

Tamsin alimpokonya kapu akajifungia ndani. Mkutano wa Marafiki, ndilo kanisa lao, ulikuwa ukitenga watu kwa makosa madogo kuliko hilo, na aliyetengwa hazikwi kwenye makaburi yao. Mumewe alilala pale, na kando yake palibaki nafasi moja. Tamsin hakutaka kitu kingine duniani ila nafasi ile.

Alasiri wakaingia wazee wawili wa Mkutano: Hephzibah Pennock, mkali kama siki, na Rakeli Lukens, kikongwe wa kusinzia. Walishasikia habari za mkokoteni wa jeshi mlangoni. Wakaketi kimya, kama ilivyo desturi yao. Kimya kile kilimtesa! Kudanganya hakujui, basi akaliweka kapu mezani akasema yote huku analia.

Hephzibah alichukua kifuko, akakigeuza, akakigeuza tena. Uso ukamwiva.

"Tamsin, una hakika ni vya baruti?"

"Kasema mwenye mkokoteni."

"Ole wangu! Mimi ninavyo makapu mawili chini ya kitanda. Nilijua vya kukandia!"

"Hukuuliza?"

"Nikaulize mambo ya jeshi, mimi? Wewe uliuliza?"

Rakeli akafumbua jicho moja. "Mimi nimeshona vitatu tu. Macho yenyewe ndiyo haya."

Tamsin alicheka mpaka akashikilia meza. Hephzibah alijikaza, wapi, akaangua kicheko naye.

"Sasa nani atamtenga nani?" akasema, akijifuta machozi. "Twende tukawarudishie."

Wakarudisha vyote, karani akanuna mpaka basi. Alipowapa blanketi za kushona pindo, Hephzibah alijishika kiuno.

"Hizi za nini?"

"Za kujifunika, mama! Blanketi ni ya nini tena?"

"Nauliza tu," akasema. "Siku hizi tunauliza."

Tamsin aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafa kizee, akalazwa kando ya mumewe. Sanda yake ilikuwa ya sufu, na aliyeishona ni Hephzibah.