Nilichoandika Juu ya Bwana Vyura Nyuma ya Daftari la Vipimo

Admin, jina langu lifiche, lakini maneno yangu usiyapunguze makali. Nina miaka ishirini na tisa, ni fundi wa kushona hapa Kisangani, upande wa Makiso. Jumamosi hii familia ya mchumba wangu inaleta mahari nyumbani kwa papa, baba yangu, na leo nusu ya familia hiyo hainisalimii kwa sababu ya maoni yangu juu ya kitabu. Ndiyo, kitabu. Chekeni kwanza, halafu mnisome.

Kwenye atelier yetu, chumba chetu cha kushonea, tuko wanawake watano. Kutia vifungo na kupinda mapindo ni kazi isiyo na kelele, kwa hiyo mmoja husoma kwa sauti na wengine wanashona. Mwezi uliopita mteja mmoja alituazima riwaya ya mapenzi, nyepesi, ya kuchekesha. Shujaa wake ni mwalimu wa biolojia, miwani imefungwa kwa uzi, kazi yake kuandika sauti za vyura. Sisi tulimwita Bwana Vyura. Siku anayotaka kumtongoza mwanamke mwenye duka la unga, anaanza kumweleza jinsi chura anavyopumua kwa ngozi, mpaka mvua inawalowesha wote wawili. Tulicheka hadi mmoja wetu akashona mkono wa blauzi kwenye shingo, ikabidi aufumue.

Tukaanza kuandika maoni yetu, kila mtu na jina lake, kwenye kurasa za nyuma za daftari la vipimo vya wateja, maana karatasi nyingine hatukuwa nayo. Mkubwa wetu wa kazi aliandika kwamba mwanaume wa namna hiyo atasahau mtoto sokoni akifuata konokono. Mwingine aliuliza kama miwani inaezeka nyumba. Wa tatu alisema yeye angemchukua, ila siku ya harusi angemficha miwani. Mimi niliandika hivi: "Huyu hana gari wala kifua kipana. Lakini akimuuliza mwanamke swali, ananyamaza mpaka ajibiwe. Wangu haulizi, anatangaza. Ningeambiwa nichague, ningechagua wa vyura."

Wangu ni mtu mzuri, nisimsingizie. Anauza vipuri vya pikipiki, halewi, hajawahi kuniinulia mkono. Ila siku moja alinitumia ujumbe wa sauti kunijulisha kwamba tukishaoana tutahamia Bengamisa, mbali na mji, anakofungua depo ya vipuri, na kwamba mashine yangu niwaachie wenzangu. Alisema kama mtu anayekuambia mvua inakuja, anua nguo. Nimeshona miaka tisa, na wateja wanaokuja pale wananifuata mimi. Niliposikia ujumbe ule nilimeza tu. Kitabu ndicho kilichonitapisha.

Sasa, vitenge vya familia yake kwa ajili ya sherehe ninavishona mimi. Dada yake alikuja kupimwa, akataka kuona vipimo vyake vya zamani, akafungua daftari kwa nyuma. Alisoma maoni yote bila hata kutabasamu. Akapiga picha, na kabla sijamaliza kupiga pasi picha ilikuwa kwenye grupu la familia yao. Wajomba zake wakasema nimemtukana mtoto wao mbele ya mji. Shangazi mmoja aliamini kwamba Bwana Vyura ni mtu halisi, akawa anauliza anafundisha shule gani. Wote wakakubaliana kwamba lazima nichane ukurasa ule, na Jumamosi, kabla vitu havijapokewa, nipige magoti niseme ulikuwa mchezo.

Jana mchumba wangu alikuja kazini. Nilimtoa nje ili tusiongee mbele ya watu, nikamuuliza kama ameyasoma maneno yangu au ameambiwa tu. Akasema ameyasoma.

"Chana tu ile page, chérie, mambo iishe."

"Na Bengamisa?"

"Bengamisa iko na nini? Nikuulize nini, na mi niko najua kile kiko muzuri kwako?"

Aliyasema kwa upole kabisa, akiniondolea uzi kwenye nywele. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu hakuwa na hasira hata kidogo.

Mama anasema nimepotoshwa na vyura. "Mi nani aliniulizaka?" aliniambia. "Na niko hapa." Ni kweli, na nililia kidogo kwa ajili yake. Lakini tangu juzi kitabu hakionekani kwenye mkoba wangu, na jana nilimsikia mama anacheka peke yake jikoni.

Kwa hiyo sikilizeni vizuri. Sikuja kuuliza kama nichane ukurasa. Sichani, na magoti sipigi. Na atakayeniandikia "vumilia dada, ndoa ni uvumilivu" ajue ameshatanguliwa na watu kumi. Nampenda, nasema wazi, na ndiyo maana silali vizuri.

Kwetu, vitu vya mahari vikishawekwa chini, papa humsimamisha binti mbele ya familia zote mbili na kumuuliza mara tatu: tupokee? Binti anatazama chini, anasema ndiyo, akina mama wanapiga vigelegele, watu wanaenda kula. Kila mtu anahesabu kwamba jibu ni moja. Lakini tangu mambo haya yaanze, hilo litakuwa swali la kwanza ninaloulizwa mimi. Nishaurini, ninyi mlioolewa na ninyi mliokataa: Jumamosi papa akinigeukia na kuniuliza, nijibu nini?