Waya Chini ya Zulia

Gari nililinunua kwa mzee mmoja wa Riruta Satellite, mwenye ploti ya nyumba za kupangisha na mtu wa kanisa, na kwa sababu hizo mbili sikulikagua sana. Lilikuwa gari refu la nyuma pana, jeupe lililogeuka rangi ya uji, viti vimefunikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Mzee aliliwasha, likawaka. Akazunguka nalo uani, akashuka, akaniambia, "Kijana, hii gari haijawahi kuniangusha." Tukapeana mkono.

Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi kwenye stoo ya kiwanda, tangu sijaota ndevu. Siku moja walituita kantini wakatuambia stoo inafungwa. Wengine walipiga kelele. Mwanamume mmoja mkubwa kuliko mimi alilia mbele ya watu. Mimi nilirudisha kikombe changu dirishani, nikamwambia mama wa chai asante, nikaenda nyumbani Kawangware. Nilidhani hasira itanijia njiani, au jioni, au kesho yake. Haikuja. Kilichokuja ni kama ganzi ya mguu ulioukalia vibaya, ila hii ilikuwa ya mwili mzima, na haikuisha. Nilikula, nililala, nikiitwa niliitika. Mke wangu ana saluni ndogo karibu na stage ya matatu za 56, na ndiye aliyesema tununue gari nibebe watu na mizigo. Nikasema sawa. Angesema tununue punda ningesema sawa pia.

Gari lilianza kusema mapema. Nikiweka indiketa ya kushoto, taa ya ndani nayo ilikuwa inawaka na kuzima. Nikipiga honi, redio ilinyamaza. Asubuhi nyingine betri ilikuwa imekufa kabisa, na majirani wa ploti walinisukuma mpaka barabarani huku wakinicheka. Kulikuwa na harufu pia, kama ya plastiki iliyosahaulika karibu na jiko, hasa jua likiwa kali. Mtu mwingine angekimbia kwa fundi. Mimi niliyaona yote kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kwa jirani.

Mteja wangu wa kudumu alikuwa mama anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, Kisumu Ndogo, kule Kibera. Alikuwa na meza yake pale, na mara kwa mara alipeleka magunia kwa wenzake wanaouza soko la Kawangware. Alikuwa mtu mzima, goti moja limevimba, kwa hiyo alikaa mbele karibu nami na kunyoosha mguu. Alizungumza njia nzima: kanisa lao, binti yake, bei ya mafuta, baa iliyofunguliwa nyuma ya meza yake. Hakuhitaji kujibiwa, na hilo lilinifaa.

Siku moja tulikuwa tumeacha Ngong Road, tunaingia Naivasha Road, magari yamesongamana. Akanyamaza ghafla, akanusa.

"Wewe baba, kuna kitu inaungua."

"Ni omena, mama."

"Omena nimeuza kabla hujazaliwa. Hiyo si omena."

Nilitazama kwenye kioo. Moshi ulikuwa unatoka sakafuni nyuma ya kiti changu, mwembamba, wa kijivu, kama wa udi. Nikaegesha kando mbele ya duka la hardware. Nikazima gari. Moshi haukukoma, ukazidi kuwa mweusi, na zulia likaanza kutoa sauti kama mafuta kwenye karai. Nilijua ni moto. Nilijua tangi la petroli liko wapi. Nilijua yote hayo, mikono yangu ikiwa juu ya usukani, na sikutoka.

Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Nakumbuka niliona mtu ng'ambo ya barabara akimenya chungwa, na nikawa namtazama yeye.

Mama alikuwa ameshatoka. Alizunguka na goti lake lile, akafungua mlango wangu, akanishika shati kifuani, akanivuta kama anavyovuta gunia. "Toka! Wataka nikuombolezee hapa barabarani?" Nikaanguka kwa magoti kwenye changarawe. Watu wa hardware walikuja na ndoo za mchanga wakaumwaga ndani. Mmoja alifungua boneti akang'oa kichwa cha betri kwa koleo. Ikaisha. Kiti changu kilikuwa kimeungua kwa nyuma, na gunia moja la omena lilikuwa limekuwa jeusi upande mmoja.

Mama alikaa ukingoni mwa barabara, akisema maneno ya Kijaluo ambayo sikuyaelewa. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Ulikuwa umekaa tu." Hakusema kwa ukali. Alipata boda za kumbebea magunia yaliyobaki, akaondoka bila kuniaga.

Gari lilivutwa mpaka kwa fundi wa umeme wa magari pale Kawangware. Alikata zulia kwa wembe, akalikunja nyuma, akapiga mluzi. "Boss, njoo uone maajabu."

Chini ya zulia ulipita waya kutoka mbele mpaka buti kule nyuma, na haukuwa waya mmoja. Ulianza na ule mnene wa nyumbani, ukaungwa na wa spika, ukaungwa tena na waya mwembamba mweupe wa kengele ya mlangoni. Viungo havikufungwa kwa tepu. Vilifungwa kwa vipande vya karatasi ya plastiki, vimezungushiwa raba za kufungia sukumawiki. Mbele, aliyeufunga alikuwa ametoboa bati apate njia ya kufika kwenye betri, na ukingo wa lile tundu ulikuwa umeula waya hadi shaba ikaonekana. Mahali pa fyuzi palikuwa na ile karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri. Na kwenye buti, nyuma ya kifuniko, palikuwa na kile kisanduku cha kugeuza moto wa betri uwe kama stima ya nyumba, kimeunganishwa na soketi ya ukutani, nyeupe, imepigiliwa skrubu kwenye ubao.

"Huyu alikuwa anachomeka nini? Friji?" fundi akauliza. "Ama alikuwa DJ. Ungechomeka wewe, boss. Ungekuwa majivu."

"Sawa," nikasema.

"Sawa nini?"

Jioni mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekasirika kwa niaba yetu wote wawili. "Utaenda kwa huyo mzee," akasema. "Mpigie kelele, nyamaza, fanya unavyotaka. Lakini atazame hizo waya kwa macho yake."

Nikaenda. Niliweka waya na soketi kwenye mfuko wa kitambaa, nikatembea mpaka Satellite. Mzee alikuwa ameketi nje ya mlango wake akimenya viazi, sufuria katikati ya miguu. Alinitambua mara moja.

"Kijana. Gari inakusumbua?"

Nikamwaga vitu vile kwenye benchi. Alivitazama, kisu mkononi. Akaiokota soketi, akaifuta vumbi kwa kidole gumba.

"Hizi ni zangu," akasema. "Nilifunga mwenyewe."

Alinieleza bila mimi kuuliza. Mke wake alikuwa na ugonjwa wa mapafu. Hospitali ilimruhusu arudi nyumbani na mashine ya oksijeni, lakini mashine ile inatumia stima, na stima ya mtaa wao ilikuwa inapotea ovyo. Mara ya kwanza ilipopotea, alikimbia na mke mgongoni mpaka zahanati. Baada ya hapo akatafuta waya popote alipopata: kwa nyumba ya mpangaji aliyehama, kwa spika mbovu ya kanisa, kwa kengele ya geti lake mwenyewe. Stima ikipotea aliegesha gari chini ya dirisha la chumba cha kulala, akaliwasha, akapitisha ekstensheni dirishani.

"Fundi aliniambia nimpe wiki moja afunge vizuri," akasema. "Mimi wiki sikuwa nayo."

"Ilifanya kazi?" Hilo ndilo jambo pekee nililotaka kujua.

"Ilifanya. Hakufa sababu ya stima." Akatia kiazi kwenye maji. "Nilipouza gari nilikumbuka ziko. Ningezitoa. Nilifungua buti nikaangalia, nikafunga."

Nikamwambia kuhusu moshi na mama wa omena. Aliweka kisu chini, akafunika mdomo kwa kiganja.

"Kulikuwa na mtu mwingine ndani?"

"Alitoka. Hakuumia."

"Niko na makosa, kijana. Mngekufa. Mngekufa kabisa."

Nilisimama pale nikingoja. Nilidhani sasa kitu kitakuja, kama si hasira basi huruma, maana nilijua mahali kama hapa mtu huhisi kitu. Nilitazama viazi kwenye sufuria. Alikuwa amemenya vingi mno kwa mtu anayekula peke yake. "Haya, mzee," nikasema, nikaondoka. Waya nilimwachia.

Nilimsimulia mke wangu saluni, akiwa amesimama nyuma ya mteja, anasuka. Nilipofika kwenye ekstensheni ya dirishani, vidole vyake vilisimama. Akalia, kwa ajili ya mwanamke asiyemjua. Mteja naye akajipangusa macho kwa kona ya taulo.

"Na wewe ulimwambia nini?" mke wangu akauliza.

"Nilimwambia haya."

"Haya?"

Alirudi kwenye nywele, na mimi nikakaa kwenye kiti cha wateja mpaka alipofunga.

Fundi alipomaliza kazi yake niliendesha gari mpaka Kisumu Ndogo kumchukua yule mama. Nilimkuta akipepeta omena kwenye ungo. Nikamwambia waya zote ni mpya, hata fyuzi, aje aone. Hakuinuka.

"Mimi sikuogopa gari," akasema. "Niliogopa wewe. Nilikuangalia hapo ndani, nikaona hakuna mtu."

Akanisogezea ndoo iliyopinduliwa, nikakaa. Akauliza kama nimefiwa. Nikasema hapana, kazi iliisha. Akauliza iliishaje. Nikamweleza habari za kantini, kikombe, mama wa chai, na nikiwa katikati nikagundua kwamba sijawahi kumweleza mtu, hata mke wangu, zaidi ya maneno mawili matatu. Sauti yangu ilikuwa ileile, kavu. Yeye aliendelea kupepeta. Nilipomaliza alisema, "Wasumbufu hao," basi, akamwita kijana wa mkokoteni alete magunia. Aliingia kwenye gari, lakini hakukaa mbele. Alikaa nyuma yangu, mkono wake umeshika kiti changu, ili nikilala tena, alivyosema, awe karibu na sikio.

Jumapili baada ya ibada nilirudi Satellite. Mzee alikuwa bado amevaa suti ya kanisani, amelegeza tai.

"Mzee, ile siku sikukupa pole ya mke wako," nikasema.

"Asante," akasema. "Asante, kijana yangu."

Akaleta kiti kingine na chai kwenye thamosi. Ilikuwa na maziwa mengi na tangawizi kupita kiasi. Mpangaji mmoja akaja kulalamika kuhusu mfereji unaovuja, wakabishana kidogo, mpangaji akaenda zake. Mzee akaniuliza gari linakulaje mafuta. Nikamwambia. Kisha akaanza kunieleza jinsi mke wake alivyochagua rangi ya vile vitambaa vya viti, ugomvi uliokuwepo, na jinsi yeye mzee alivyoshindwa. Nilisikiliza. Bado sikuhisi kitu ninachoweza kukipa jina, ila chai ilikuwa moto sana na ulimi uliniuma, nikaendelea kuinywa hivyohivyo.